Jembe la Mwenyekiti

Neno la kwanza ambalo Hulda Mlelwa alimwambia Lukas Sanga lilikuwa, "Ondoka."

Ilikuwa njia panda ya Makambako, siku ya soko. Malori ya Iringa, ya Mbeya na ya Songea yalikuwa yamebanana pua kwa pua, madereva wakitukanana kwa lugha zote walizozijua, na vumbi jekundu limepanda mpaka kwenye kope za watu. Hulda alikuwa ameteremka kwenye lori la Njombe akiwa amevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, sweta la sufu alilolifuma mwenyewe, na viatu vya kamba vilivyong'aa asubuhi ile, ingawa sasa vilikuwa na rangi ya barabara. Makuli walilishusha sanduku lake la mbao kando ya njia. Alikwenda kuulizia mtu wa kulipokea, na aliporudi alikuta mwanamume amelikalia, anakula hindi la kuchoma kwa raha zake.

"Ondoka," alisema.

Yule mwanamume aliinua uso. Alikuwa kijana mrefu, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, soksi zimemfika magotini. "Habari za safari, dada?"

"Ondoka juu ya sanduku kwanza. Salamu baadaye."

"Dada, hili sanduku ni la chama. Namsubiri mwenyewe hapa, Mwalimu Mlelwa, anatoka Njombe."

"Umevikalia vitabu vyake."

Kijana alitazama nyuma ya Hulda, kama vile Mwalimu Mlelwa amejificha huko anafunga kamba za viatu. Hakuona mtu. Akamtazama Hulda tena, na hindi likabaki hewani.

"Mlelwa ni wewe?"

"Ulitaka awe nani?"

"Niliambiwa Mlelwa ana mdomo mkali kwenye mikutano. Nikategemea mzee mwenye ndevu."

"Ndevu sina. Mdomo ndio huu."

Alisimama upesi, akalifuta sanduku kwa leso yake, kisha akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kizuri mno kwa mtu aliyekosa. "Kamwene, Mwalimu. Mimi ni Lukas Sanga, wa Ipelele huko Ukinga. Nafundisha shule ya mji hapa tangu wiki iliyopita."

"Kamwene. Mkinga na sanduku la watu! Nyie kwa biashara hamlali. Nimekuwahi kabla hujaliuza."

Hulda alishika mpini mmoja wa sanduku, akamwonyesha wa pili. Lukas akakataa. Mwanamke hawezi kubeba mzigo yeye akiwepo, alisema, na kabla Hulda hajafungua kinywa alishalitupa sanduku begani. Lilikuwa limejaa vitabu mpaka kifuniko. Alikwenda nalo hatua chache, shingo ikaanza kupinda. Hatua nyingine chache, likashuka chini na yeye nalo. Hulda alicheka mpaka machozi. Lakini akilini aliliweka: huyu ni mtu wa kukubebea kitu chako bila kukuuliza.

Angeliweka vizuri zaidi, tusingekuwa na hadithi.

Sanduku lile lilikuwa mali ya Umoja wa Walimu wa Mjini, chama kilichowakusanya walimu Waafrika wa Njombe na Makambako. Lilizunguka kati ya miji hiyo miwili, kwa sababu vitabu vilikuwa vichache na shule nyingi. Walimu wa Kilutheri na wa Kikatoliki, ambao Jumapili hawakusalimiana vizuri, humo waliketi benchi moja. Mwenzao akiugua, walikwenda kumlimia viazi. Kila mwisho wa mwezi walikutana, mara Njombe, mara Makambako, na mmoja wao alifundisha somo la mfano huku wenziwe wamekaa madawatini kama watoto, kisha wakamchambua bila huruma.

Mwenyekiti wao alikuwa Mwalimu Mikaeli, mzee mpole wa Lugarawa aliyependa kusema "tuende polepole". Na kwa kweli walikwenda polepole. Katika shule ya misheni alikofundisha Hulda, na katika shule nyingi wakati ule wa Mwingereza, mwalimu wa kike akishaposwa tu, muhula ule ndio wake wa mwisho. Hata awe na cheti bora kuliko mwalimu mkuu. Hata watoto wamlilie. Mwanamume akioa alipewa nyumba kubwa zaidi. Mwanamke akiolewa alipewa kadi ya kumshukuru na wimbo wa kwaya. Mara mbili Umoja uliipeleka hoja hiyo Boma, kwa Afisa Elimu, kwa midomo ya wanaume, na mara mbili hoja ilipotea njiani. Wajumbe walirudi wakishangilia posho ya baiskeli.

"Nani kati yenu anaweza kuolewa?" Hulda aliwauliza mkutanoni. "Hakuna. Ndiyo maana mnasahau."

Desturi ya Boma ilikuwa kwamba mwenyekiti peke yake huingia ofisini. Wengine hubaki barazani. Kwa hiyo Hulda alitaka uenyekiti. Hakuutaka kwa sifa. Alitaka kuingia kwenye chumba kile na kusema jambo hilo kwa kinywa chake. Mwalimu Mikaeli alikuwa anastaafu, uchaguzi ulikuwa baada ya mavuno, na Hulda alishaanza kuhesabu marafiki.

Wa kwanza alikuwa Lukas, na urafiki haukukaa urafiki muda mrefu. Ulianza siku Lukas alipofundisha somo la mfano la hesabu, na Hulda, dawati la mbele, akajifanya mtoto mtundu.

"Mwalimu, Juma ana machungwa kumi, amempa Ali manne. Kwa nini amempa?"

"Hilo si swali la hesabu, mtoto."

"Ali ni mkwewe?"

Darasa zima la walimu lilianguka kwa kicheko. Lukas aliweka chaki chini. "Mtoto huyu atabaki baada ya masomo," alisema, na Hulda akabaki. Walitembea wakipita kwenye miwati yenye maua ya manjano, ukungu unashuka, yeye amejifunga shali ya kijivu mpaka masikioni, Lukas amempa koti lake na anatetemeka kishujaa.

Baada ya hapo kila sanduku liliposafiri, Hulda alipata sababu ya kulisindikiza. Oktavia, mwalimu mwenzake aliyekaa naye chumba kimoja, alimcheka: "Vitabu gani hivyo vinakufanya ujipake mafuta ya waridi?"

Kabla Lukas hajagusia habari za ndoa, Hulda alilisema neno lake wazi. Walikuwa wamekaa Makambako, kwenye kibanda cha chai.

"Nakupenda, Lukas. Nitaolewa na wewe. Lakini kwanza nichaguliwe, niingie Boma, sheria ile iondoke. Kabla ya hapo usitume mtu kwetu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwenyekiti wangu."

"Si mwenyekiti bado."

"Kwangu ulishachaguliwa. Hata kura hazikupigwa."

Alikuwa na maneno matamu, Mkinga yule. Tatizo la watu wenye maneno matamu ni kwamba wakati wanayasema hawasikilizi.

Alasiri moja, uchaguzi ukiwa umekaribia, Hulda alikwenda Mjimwema, pale pale Njombe, kuwaona wazazi wake. Kabla hajafika uani aliona kitu kimesimamishwa kando ya mlango, upande wa njia. Lilikuwa jembe jipya, halina mpini, chuma kinang'aa kwa mafuta. Wanawake wawili waliokuwa wanatoka kisimani wakampigia vigelegele.

Kwa ukoo wa kina Mlelwa, hilo halikuhitaji tafsiri. Jembe likiletwa likipokelewa, likisimamishwa mlangoni, binti wa nyumba ile ameshasemewa, ameposwa.

Baba yake, Mzee Abrahamu, alikuwa amekaa kizingitini amevaa koti lake la kanisani siku ya kazi.

"Baba, hili jembe ni la nani?"

"La wakwe zako. Baba mdogo wa yule kijana ametoka Ipelele kwa miguu, mtu mzima vile, na baridi hii. Watu wa heshima."

"Na wewe umelipokea."

"Nililikatae kwa sababu gani? Unampenda, hukumwambia mama yako?"

"Nampenda. Lakini sikuulizwa."

"Mimi nimeulizwa."

"Wewe hufundishi, baba. Anayefukuzwa kazi ni mimi."

Mzee alikunja uso. Habari ya sheria ile alikuwa hajui. Hulda hakuwahi kumwambia, maana nyumbani kwao mambo ya shule yalikuwa ya shule. Hata hivyo mzee hakuinuka kuliondoa jembe. Mtu mzima haondoi mlangoni kitu alichokiweka mwenyewe mbele za watu. Hulda alisimama pale mikono imekufa ganzi kwa hasira. Angelia, lakini wale wanawake walikuwa bado wanapiga vigelegele, na asingewapa furaha ya kudhani analia kwa furaha.

Jumatatu Bibi Mkuu wa shule alimwita ofisini. Alikuwa mmishenari mwembamba, mwenye Kiswahili safi, aliyekaa Ubena miaka mingi na kujifunza mila zote zilizomfaa. Alimwekea chai ya maziwa.

"Hongera, Hulda. Akina mama kanisani wamefurahi sana. Tumekwisha kuomba mwalimu mwingine kwa muhula ujao."

"Sijaolewa, Bibi."

"Lakini jembe liko mlangoni kwa baba yako. Mimi ninaheshimu desturi zenu."

"Za kwetu mnaziheshimu zikiniondoa darasani. Zikinibakiza?"

"Usiwe mkali, mtoto wangu. Kama jembe lisingekuwapo, kusingekuwa na neno. Lipo. Kunywa chai."

Hulda hakunywa. Aliondoka chai inatoa moshi, akashika njia ya posta moja kwa moja.

Simu ya posta ya Njombe ilikuwa ukutani, ya kuzungusha mkono, na Agustino wa posta alikuwa na tabia ya kupanga stempu karibu sana na mtu anayezungumza. Upande wa Makambako simu ilikuwa dukani, jirani na shule. Hulda alingoja mpaka Lukas akaitwa, akaja anahema.

"Mpenzi! Umeliona?"

"Nimeliona. Mjimwema nzima imeliona. Bibi Mkuu ameliona, na hakutoka ofisini kwake."

Waya ulilia kidogo. "Nimesikia imevuma. Lakini Bibi Mkuu kaambiwa na nani?"

"Na mlango wa baba yangu, Lukas. Jembe limesimamishwa barabarani, ulitegemea ataambiwa na nani?"

"Lakini kwetu jembe la kwanza ni kubisha hodi tu. Linawekwa ndani nyuma ya magunia, hakuna anayejua. Kuna mtu wa duka hapo Njombe alikuwa anakuulizia, wazee wakasema tukichelewa tutakuta mwana si wetu. Nikaona nibishe hodi tu."

"Uliwauliza wazee?"

"Niliwauliza."

"Na baba mdogo?"

"Ndiye aliyekwenda."

"Na shangazi?"

"Shangazi pia."

"Mimi je?"

Agustino alidondosha stempu.

"Nilijua utakubali," Lukas alisema taratibu. "Kwa sababu unanipenda."

"Nakupenda, ndiyo. Hilo ndilo linaloniudhi. Ningekuwa sikupendi ningekutukana nikaenda kulala. Nilikuambia usitume mtu, ukasema umenielewa, ukatuma mtu. Sasa nimepoteza darasa langu. Na katiba ya Umoja inasema kiongozi awe mwalimu aliye kazini."

"Najua. Ndiyo maana, sikiliza, mpenzi, nimeshalitengeneza. Mwalimu Mikaeli alipita hapa juzi. Amesema jina lako litafutwa ubaoni, na wamenitaka nisimame mimi. Nimekubali. Nitaibeba hoja yako Boma, neno kwa neno kama ulivyoisema."

Hulda aliiondoa simu sikioni akaitazama. Kisha akairudisha.

"Umekubali."

"Kwa ajili yako."

"Lukas, wewe hujaacha kubeba masanduku ya watu."

Akaitundika. Agustino alikohoa kwa adabu. "Mwalimu, dakika zako bado hazijaisha."

"Maneno yameisha," Hulda alisema.

Kwa siku zilizofuata Oktavia alikuwa na kazi. Hulda alisahihisha madaftari kwa nguvu mpaka nibu ikachana karatasi. "Alinipokonya mara mbili," alikuwa anasema. "Kwanza kazi, kisha kiti. Na kote ananiita mpenzi."

"Hakukusudia."

"Ng'ombe akikukanyaga hakukusudia pia. Mguu hauumi?"

Oktavia aliacha kumtetea. Ila swali moja alimwachia: "Sasa wewe unataka nini? Yeye au kiti?" Hulda alisema anataka vyote viwili, na kwamba ni uonevu kumwuliza mwanamke swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza Lukas. Alisema kweli. Lakini kweli ile haikumwondolea jembe mlangoni.

Asubuhi ya uchaguzi ukungu ulikuwa mzito Mjimwema, mtu akiona miguu yake tu. Hulda alifika kwa wazazi wake amevaa gauni la kijani alilolishonesha kwa ajili ya siku hii, kabla mambo hayajaharibika, mkanda mweupe kiunoni, kitambaa cha hariri kichwani. Mzee Abrahamu alikuwa kizingitini, mguu mmoja umekatiza mlango, jembe pembeni yake.

"Baba, nimekuja kulichukua."

Mzee aligusa chuma cha jembe kwa kidole. "Jembe likitoka mlango huu, yule kijana hawezi kulituma tena. Wala ukoo wake hautatuma. Tutakuwa tumemaliza maneno nao."

"Najua, baba."

"Na bado unampenda."

"Bado nampenda."

"Sikujua habari ya ile sheria," mzee alisema, akitazama ukungu. "Ungeniambia."

"Ungeniuliza."

Mzee aliuvuta mguu wake ndani, njia ikawa wazi. Hulda aliinama akaliokota jembe, chuma baridi kama jiwe la mtoni, akalibeba begani kwenye gauni lake jipya. Alipita sokoni nalo. Wauza viazi waliacha kuita wateja alipopita; hakuna aliyewahi kuona mtu akitembea na uchumba wake begani.

Walimu walikuwa wamejaa darasani, Njombe na Makambako, makoti yananuka moshi wa kuni. Ukutani alikuwepo Malkia kwenye fremu yake, na ubaoni kulikuwa na alama ya jina lililofutwa, bado herufi zake zinasomeka kwa mbali, na chini yake: L. SANGA. Lukas alikuwa ameketi mbele, suti ya kijivu, tai imenyooka, macho mekundu ya mtu asiyelala.

Hulda alikwenda moja kwa moja mpaka meza ya mwenyekiti akalitua jembe juu yake. Liligonga mbao mpaka wino ukaruka.

"Mwalimu Sanga," alisema, "hili ni lako?"

Lukas alisimama. "Ni langu."

"Basi lichukue."

Mwalimu Mikaeli aliinua mikono yote miwili. "Mwalimu Hulda, tuende polepole. Mambo ya nyumbani tuyaache nyumbani."

"Hayakuachwa nyumbani, Mwenyekiti. Yamekuja mpaka hapa yakafuta jina langu ubaoni. Nimeambiwa kama jembe lisingekuwapo kusingekuwa na neno. Nimelileta mtu wa kwanza mpaka wa mwisho alione, asiseme hakuliona. Anayeolewa kati yetu ni mwanamke, anayefukuzwa ni mwanamke, na mkutano unajiandaa kumtuma mwanamume akaeleze inavyouma. Mtaeleza nini? Mara ya mwisho mlieleza baiskeli."

Hapo wengine walicheka, wengine wakaangalia viatu. Kutoka nyuma sauti ya mwanamume ilinong'ona, na kila mtu akaisikia: "Lukas, usilichukue."

Kwa maana mambo yalikuwa mikononi mwake sasa, na wote walijua. Akiliacha mezani, halijarudi. Hulda bado kasemewa, na kiti ni chake Lukas. Akilishika, amekataliwa mbele ya walimu wa miji miwili, na mlango wa Mlelwa umefungwa. Alimtazama Hulda. Kama alitafuta usoni mwake ruhusa ya kukataa, hakuiona. Aliona hasira tupu, na chini ya hasira, mtu anayengoja kujua amempenda nani.

Alinyoosha mkono akalichukua jembe.

"Jembe limerudi," alisema kwa sauti ambayo haikutoka vizuri. "Mwalimu Mlelwa hajaposwa na mtu. Yuko kazini." Alikwenda ubaoni na jembe lake mkono mmoja, akafuta jina lake kwa mkono wa koti la suti, akaandika juu yake: H. MLELWA. Aliandika kwa mwandiko mzuri wa darasa la kwanza. Kisha akarudi akaketi, jembe magotini.

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono, na mkono wa kwanza hewani ulikuwa na kijivu cha suti na vumbi la chaki. Hulda alipita kwa tofauti ndogo. Mwalimu Mikaeli alimkabidhi kengele ya mkutano, na kwa mara ya kwanza tangu chama kianze, mzee yule alisema, "Haya, twende haraka."

Lukas alimfuata uani, karibu na lori la Makambako.

"Nisamehe, Hulda."

"Nimekusikia."

"Umenisamehe?"

"Umefanya jambo la kiume leo, na nitalikumbuka. Lakini nina hasira, Lukas. Sijui itaisha lini, na sitaki kukudanganya."

"Nitakungoja."

"Usinifanyie hisani tena. Rudi ukafundishe."

Lori lilimchukua na jembe lake. Hulda alisimama mpaka lilipoingia kwenye ukungu, na hapo ndipo alipolia, kwa uchungu, akiipiga nguzo ya darasa kwa kiganja.

Bibi Mkuu alithibitisha kwamba mlangoni kwa Mzee Abrahamu hapakuwa na kitu, akamrudishia darasa lake kwa midomo iliyobanwa. Na siku ya Boma ilipofika, Afisa Elimu alimkaribisha ofisini, akatazama nyuma yake kumtafuta mwenyekiti.

"Mwenyekiti ndiye mimi," Hulda alisema, akavuta kiti bila kuambiwa.

Afisa alisema atafikiri. Hulda alirudi. Akasema anafikiri bado. Hulda alirudi tena, akarudi na Oktavia, aliyebaki barazani akiimba tenzi kwa sauti, akarudi wakati wa masika tope magotini. Umoja uliendelea: masomo ya mfano, viazi vya wagonjwa, sanduku la vitabu. Lukas alikuwa katibu wa upande wa Makambako. Walipokutana waliitana Mwenyekiti na Katibu, mbali kama watu wasiojuana. Ila kila sanduku lilipotoka Makambako, vitabu vilivyochanika vilikuwa vimeshonwa upya kwa uzi mweupe, na hakuna aliyejisifia.

Miaka ilipita kabla jibu halijaja, na lilipokuja lilikuwa nusu. Shule za misheni zingebaki na sheria yao. Lakini katika shule za mji, Njombe na Makambako, mwanamke aliyeolewa angeruhusiwa kufundisha, kwa majaribio. Kwa majaribio! Wanaume walikuwa wameoa na kufundisha tangu shule zianze na hakuna aliyewajaribu. Hulda alisoma tangazo lile mbele ya mkutano kwa sauti ya kukata kuni. Nusu shari kuliko shari kamili, alisema, na nusu iliyobaki tutaifuata. Wanawake walipiga madawati.

Jumapili ile Mzee Abrahamu alimwita kando. Alikuwa amezeeka kidogo.

"Yule kijana wa Ipelele ameoa?"

"Hajaoa, baba."

"Hawezi kulituma tena lile jembe."

"Najua."

"Lakini mimi sikulirudisha," mzee alisema, anachokora meno kwa kijiti. "Wala ukoo haukulirudisha. Aliyelitoa mlangoni ni wewe, kwa bega lako. Aliyelitoa ndiye anayejua njia ya kulirudisha."

Kwa hiyo siku ya soko Hulda alishuka tena Makambako na sanduku la Umoja. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani, mahali pa begani limefuliwa mara nyingi lakini doa la mafuta halijatoka. Lukas alikuwa anangoja njia panda. Hakukaa juu ya kitu chochote.

"Karibu, Mwenyekiti."

"Lile jembe liko wapi?"

Alibadilika rangi. "Kwenye shamba la shule. Nililitia mpini. Tunalimia mahindi ya watoto. Limeisha kidogo."

"Kalilete."

"Hulda, siwezi kulituma tena kwenu, unajua."

"Nani kasema utalituma wewe? Nimekuja kulichukua mwenyewe. Lakini kuna kitu kimoja sijawahi kuulizwa, na siondoki hapa mpaka niulizwe."

Lori lilipiga honi. Kuli mmoja aliwaambia watoke njiani, na hakuna aliyetoka. Lukas alivua kofia yake ya pama akaikunja mpaka ikaharibika.

"Hulda Mlelwa. Nakuuliza wewe, simwulizi mtu mwingine. Unataka kuolewa na mimi?"

"Na nikiolewa?"

"Utafundisha, katika shule ya mji. Na mikutano yako, na Boma. Na mimi sitabeba kitu chako bila kuuliza."

"Bado nina hasira na wewe. Haijaisha. Nitakwenda nayo mpaka kanisani."

"Njoo nayo."

"Basi nataka," Hulda alisema, na uso ukamgeuka ghafla, ikabidi atazame malori.

Lukas aliinama kulishika sanduku, kisha akakumbuka, akajizuia, akainuka mikono mitupu.

"Nikusaidie, Mwalimu?"

"Shika upande mmoja," alisema Hulda, akashika upande wa pili.